Sura ya Tano: Jicho Likifumbuka Mapema

Viazi vinavyong'olewa mwezi wa Juni kwenye nyanda za juu za Kalehe, Kivu Kusini nchini Kongo, pande za Numbi, hutengwa mafungu mawili palepale shambani. Vikubwa huingia mifukoni, huteremshwa hadi Minova ufukweni mwa Ziwa Kivu, na kutoka hapo hupanda boti kwenda kuliwa Goma. Vidogo, vya ukubwa wa yai la kuku, hubaki nyumbani viwe mbegu. Mvua za msimu wa kwanza wa kupanda, unaoitwa msimu A, hazitarajiwi hadi katikati ya Septemba, kwa hiyo mbegu hiyo inatakiwa ilale miezi mitatu hivi, kisha iamke siku chache tu kabla ya jembe.

Mara nyingi hailali hivyo. Julai ikikaribia kuisha, macho ya viazi huanza kuvimba. Agosti ikifika nusu, mbegu iliyorundikwa kwenye kona yenye giza imeshatoa machipukizi meupe, marefu, membamba, yanayotambaa kutafuta ufa wa mlango. Nje vumbi lingali linatimka. Mkulima anatazama mbegu, anatazama mbingu, na anajua kwamba akipanda leo udongo mkavu utaiua, na akingoja mwezi mzima mbegu itajila yenyewe hadi ibaki ngozi iliyonyauka.

Watu wa nchi za baridi wanaufahamu wasiwasi unaofanana na huu, ila wao huogopa kitu kingine. Mwezi wa Desemba 2015 Uingereza ya kati ilipata wastani wa nyuzi joto 9.7 za selsiasi, Desemba yenye joto kuliko zote tangu vipimo vya huko vianze mwaka 1659. Maua ya nasisi, ambayo kawaida yake ni kusubiri hadi Machi, yalichanua kabla ya Krismasi, na wenye bustani wakaona ncha za kijani za matunguu zikitoboa udongo wakati majira ya baridi yenyewe hayajaanza kuuma. Swali lao lilikuwa: barafu ikija, si itaziua?

Kwa kawaida haiziui. Tunguu la tulipu hutengeneza ua lake ndani kwa ndani tangu kiangazi, likiwa bado chini ya ardhi, kisha linahitaji wiki 12 hadi 16 za baridi, chini ya nyuzi 9 hivi, ndipo shina lipate ruhusa ya kurefuka. Majani yakitangulia kutokea, ncha zake zinaweza kuungua na barafu, lakini ua lingali limefichwa chini, na akiba ya chakula ingali kwenye tunguu. Bustani inaonekana mbaya kwa wiki kadhaa, kisha Aprili inafika na mambo yanakwenda kama kawaida. Nawahurumia kidogo tu.

Minova haina baridi ya kuhesabu. Mji upo karibu na ikweta, nyuzi 1 na dakika 42 kusini, kwenye ziwa ambalo maji yake yako mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Siku ndefu kuliko zote za mwaka na siku fupi kuliko zote hazipishani hata robo saa. Mmea wa Ulaya unaosoma urefu wa mchana ungepotea kabisa hapa. Kinachobadilika ni maji: mvua za Septemba hadi Desemba, hali ya kulegalega Januari, mvua tena kuanzia Februari hadi Mei, kisha Juni, Julai na Agosti za ukavu. Mimea ya porini imejifunza alama hiyo moja na kuitegemea. Lipo ua jekundu la mviringo ambalo wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Tunguu lake hukaa chini ya ardhi kiangazi chote bila jani hata moja, na mvua za kwanza zikilowesha udongo, ua hutoka peke yake likitangulia majani. Hilo halina hasara likidanganywa na mvua ya siku mbili, kwa kuwa hakuna anayelisubiri jikoni.

Kiazi ni mgeni hapa, nacho hakisomi mvua. Kililetwa kutoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini, kikapitia Ulaya, kikafika Maziwa Makuu pamoja na wakoloni na wamisionari. Kile tunachokula si mzizi. Ni shina lililonenepa, na kila jicho juu yake ni chipukizi lililofungwa. Kiazi kinapovunwa, macho yote huwa katika hali ya bwete: hata ukikiweka kwenye udongo wenye maji, hakitachipua. Usingizi huo unalindwa na kemikali zilizomo ndani ya kiazi chenyewe, hasa asidi ya absisiki, ambayo hupungua wiki baada ya wiki. Upande wa pili iko jiberelini, inayosukuma ukuaji. Hiyo iligunduliwa kwa njia ya ajabu: mwaka 1926 Eiichi Kurosawa, Mjapani aliyekuwa akifanya utafiti Taiwan, alikuwa akichunguza ugonjwa unaoifanya miche ya mpunga irefuke kupita kiasi hadi ianguke, akakuta kwamba kuvu waliouleta hutoa kitu kinachorefusha mmea. Baadaye ikajulikana kuwa mimea yenyewe hutengeneza kitu hichohicho. Leo maabara na mashamba makubwa ya mbegu huchovya viazi katika maji yenye jiberelini ili viamke kwa amri.

Saa hiyo ya ndani inakwenda kwa kasi tofauti kutegemea aina na joto. Zipo aina zinazolala mwezi mmoja, zipo zinazolala minne na zaidi. Katika ghala la Ulaya lenye nyuzi 4, kiazi hunyamaza kwa miezi mingi, na wafanyabiashara wakiongeza dawa hunyamaza zaidi. Ile waliyoitegemea miaka mingi, kloropofamu, Umoja wa Ulaya ulikataa kuhuisha kibali chake mwaka 2019 kwa hofu ya afya ya walaji. Kwenye nyumba ya Minova, ambako joto la kawaida ni kama nyuzi 20, saa inakimbia. Mfuko uleule ukibaki kule juu, mita 2,000 na zaidi, ambako watu hulala na mablanketi mawili, utachelewa wiki kadhaa. Ndiyo maana mbegu inayoteremshwa mapema ufukweni na kurudishwa juu wakati wa kupanda hufika imeshachoka.

Lakini kuna jambo ambalo vitabu vya kilimo vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi havilioni, nalo ndilo kiini cha sura hii. Kule mwaka una pengo moja tu kati ya mavuno na kupanda: unavuna vuli, unapanda masika. Kwenye milima ya Kivu mapengo ni mawili, na hayalingani. Viazi vya msimu A huvunwa Desemba na Januari, na msimu B unataka mbegu Februari, au Machi mwanzoni kwa aliyechelewa. Hapo mbegu ina wiki nne hadi nane tu. Viazi vya msimu B huvunwa Juni, na mbegu yake ingoje hadi Septemba. Hapo ina wiki kumi na mbili na zaidi.

Sasa ichukue mbegu ya usingizi mfupi. Februari ni mbegu ya baraka: imeamka, macho yamesimama, inapandwa na kuota kwa pamoja. Agosti ni mbegu ya laana. Ichukue ya usingizi mrefu: Septemba inafaa sana, ila Februari unaizika ikiwa bado imefumba macho, nayo inakaa ardhini wiki tatu ikiliwa na wadudu huku mvua zinapita. Kiazi ni kilekile, na hakijakosea. Mapema na kuchelewa ni mambo ya pengo linalosubiri upande wa pili. Kwa hiyo anayewaambia wakulima wa Kalehe watafute aina moja nzuri ya usingizi mrefu ili kumaliza tatizo la mbegu kuchipua, nadhani hajakaa nao Januari. Wakulima wengi wakilazimishwa kuchagua, huchagua usingizi mfupi, kisha hupambana na Agosti kwa mikono yao. Ni uamuzi wa busara: mbegu iliyoamka mapema inaweza kutunzwa, lakini mbegu isiyotaka kuamka, nani ataibembeleza?

Na mapambano yenyewe yana ufundi. Kiazi kinapoamka, jicho la juu kabisa huamka kwanza na kuyakandamiza mengine. Kiazi kilichopandwa hivyo hutoa shina moja tu. Mtu akilivunja chipukizi hilo la kwanza lingali fupi, macho mengine hupata nafasi, na kiazi hutoa machipukizi matatu, manne, matano, yote yenye nguvu sawa. Mashina mengi maana yake viazi vingi zaidi kwa kila kiazi kilichopandwa, ingawa vidogo. Kwa hiyo kuvunja mara moja ni faida. Kuvunja mara ya pili ni hasara ndogo. Mara ya tatu kiazi kinalegea, na chipukizi jipya hutoka jembamba kama uzi, kwa kuwa kila chipukizi lililotupwa limeondoka na sehemu ya akiba ileile moja.

Dawa iliyo bora kuliko kuvunja ni mwanga. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao yake Lima nchini Peru tangu mwaka 1971, kilieneza katika nchi nyingi za milimani ghala la mwanga hafifu: kibanda chenye paa la nyasi, kuta za fito zilizoachana, na vichanja ambavyo mbegu hutandazwa juu yake safu mbili au tatu, si zaidi. Jua la moja kwa moja haliingii, lakini giza pia haliingii. Chipukizi linalokulia kwenye mwanga halirefuki. Linakaa fupi, nene, la kijani au zambarau, limeshikamana na kiazi hivi kwamba huwezi kulivunja kwa bahati mbaya unapopakia kikapu. Hewa inapita, kiazi kinachooza kinaonekana kabla hakijaambukiza wenzake. Mbegu kama hiyo inaweza kuvumilia mwezi mzima zaidi ya ile iliyofungiwa mfukoni. Kitu kimoja tu: viazi vilivyokaa kwenye mwanga hugeuka kijani na kujaa solanini, sumu chungu inayoumiza tumbo. Havirudi tena jikoni. Familia inayotandaza mbegu kwenye vichanja Julai imeapa kutokuila, hata njaa ya Agosti ikibisha hodi, na kiapo hicho ni kigumu kuliko kujenga kibanda.

Kuhusu aina zenyewe, Kivu hutumia zile zinazojulikana pande zote za milima ya volkano ya mpakani na Rwanda: Kinigi, yenye jina la mahali kaskazini mwa Rwanda na inayopendwa kwa ladha, na Cruza, iliyosambaa Rwanda, Burundi na Kivu kwa sababu huvumilia mnyauko wa bakteria. Mbegu hupita mpakani bila kuulizwa cheti, hubadilishwa kati ya ndugu, hununuliwa sokoni kwenye beseni lilelile la viazi vya kula. Mwenye kununua mbegu sokoni hawezi kujua ilivunwa lini. Atajua kwa kutazama macho tu, na macho yakiwa bado yamefumba, hajui kama yana wiki moja ya kulala au kumi.

Uko mmea mwingine Minova ambao huamka mapema, nao unasomwa na watu wengi zaidi kwa sababu unaleta dola. Ni kahawa. Kwenye miteremko inayotazama ziwa, vitumba vya maua ya kahawa aina ya arabika huota kwenye vifundo vya matawi, hukua hadi milimita chache, kisha husimama. Kwa miaka mingi watu walidhani vinasubiri mvua tu. Mwaka 1960 Mbrazili Paulo de Tarso Alvim alichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyogeuza dhana hiyo: mibuni iliyomwagiliwa maji bila kukatizwa haikufungua vitumba vyake. Ilibidi kwanza ipate kiu. Ukavu ndio uliokiandaa kitumba, na maji yaliyofuata yakakifungua. Kwa hiyo kahawa inahitaji kiangazi kwa namna ambayo tulipu inahitaji baridi.

Hapo ndipo mvua ya Agosti inapofanya uharibifu wake wa kimyakimya. Kiangazi cha Minova si kikavu kabisa. Ziwa na milima iliyo nyuma yake huweza kutupa mvua ya jioni moja wakati wowote. Kitumba kilichokwisha kupata kiu ya kutosha kikiguswa na mvua moja nzuri, siku 7 hadi 12 baadaye kinafunguka, na shamba linakuwa jeupe na kunukia kama asumini. Linapendeza sana. Kisha mvua zinakatika hadi katikati ya Septemba. Maua yaliyofunguka hayarudi kuwa vitumba. Baadhi hunyauka, baadhi hushika tunda. Vitumba ambavyo havikuwa tayari mwezi ule vinangoja mvua ya kweli na kuchanua kwa zamu yake, na pengine kundi la tatu hufuata Oktoba.

Mkulima hulipa miezi minane baadaye. Kwenye tawi moja zitakuwepo punje nyekundu, punje za manjano na punje za kijani kibichi. Kituo cha kuoshea kahawa kinataka nyekundu peke yake. Kwa hiyo badala ya kupita shambani mara tatu au nne, mchumaji atapita mara sita, akibeba kila mara kikapu kisichojaa, na aliyechoka atachanganya rangi na kurudishiwa kahawa yake mlangoni. Kazi hiyo ya kuchagua kwa mikono ndiyo iliyowapa watu wa Minova jina. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, vita vilipofunga masoko, wengi walivusha kahawa yao usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda, na wengi wakazama, wakiacha wajane vijiji vizima. Chama cha ushirika cha SOPACDI, kilichozaliwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilijenga biashara yake juu ya kahawa iliyooshwa vizuri na kuuzwa wazi, na kikawa chama cha kwanza cha kahawa nchini Kongo kupata cheti cha Fairtrade. Ubora huo wote unasimama juu ya punje zilizoiva pamoja. (Adui mwingine wa ubora huo ni mdudu wa antestia anayetoboa punje, kahawa aliyoipitia hunuka kiazi kibichi ikimiminwa kikombeni, kasoro inayojulikana sana katika kahawa ya Kivu, Rwanda na Burundi. Kiazi hakina hatia katika jambo hilo.)

Kahawa iliyokauka husubiri ghalani. Kiazi hakisubiri, na hilo limeonekana wazi tangu Februari 2024, waasi wa M23 walipoingia Shasha na kuikata barabara ya kutoka Minova kwenda Sake na Goma. Mizigo yote ikahamia ziwani. Boti zikajaza kupita kiasi, na tarehe 3 Oktoba 2024 moja iliyotoka Minova ikazama ikikaribia bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakisubiri ndugu zao na bidhaa zao. Waliokufa ni makumi. Siku boti haziondoki, mifuko ya viazi hukaa ufukweni kwenye joto na unyevu, na saa ya ndani ya kila kiazi inaendelea kupiga. Kiazi cha kula kilichochipua hupoteza uzito, hulegea, hupata utamu usiotakiwa, na bei yake huporomoka.

Kisha tarehe 21 Januari 2025 M23 ikaiteka Minova yenyewe. Ukiitazama tarehe hiyo kwa kalenda ya viazi, hapakuwa na wakati mbaya zaidi. Ilikuwa ndani ya pengo fupi lile, mavuno ya msimu A yakiwa yametoka ardhini na mbegu ya msimu B ikiwa imebakiza wiki chache kuamka. Aliyekimbia akiwa na watoto mgongoni hakubeba mfuko wa mbegu. Mbegu iliyoachwa kwenye nyumba iliyofungwa iliamka Februari kama ilivyopaswa, na kama hapakuwa na mtu wa kuitoa, ilichipulia gizani. Waliobaki nao walikuwa na wageni wa kulisha, maana Minova ilikuwa imeshapokea makumi ya maelfu ya watu waliokimbia Masisi na Sake mwaka uliotangulia, na mbegu huliwa kabla ya kuku wa mwisho kuchinjwa.

Tukirudi kwenye mwaka wa amani, mbegu iliyofumbuka macho Julai ina njia moja ambayo si ya kuizuia. Ni kuipanda palepale ilipoamka. Kati ya vilima vya Kivu Kusini yapo mabonde yenye maji, ambayo wakati wa mvua huwa kinamasi na wakati wa kiangazi hubaki na unyevu wa kutosha kukuza chakula bila tone kutoka juu. Wakulima huulima udongo huo kuanzia Juni na kuuita msimu C. Kiazi kilichopandwa huko mwishoni mwa Julai huwa tayari kati ya Oktoba na Novemba, wakati ambapo maharage ya mlimani bado ni maua na soko lina uhaba, kwa hiyo huuzwa kwa bei nzuri. Na vile vidogo vinavyobaki vikitandazwa kwenye vichanja mwezi wa Novemba, vitaamka na kusubiri kwenye mwanga hadi Februari, sawasawa na mvua za msimu B. Mbegu iliyoonekana kuharibika inakuwa imezunguka mwaka na kuingia kwenye pengo linaloifaa.

Wanaofanya hivyo si wengi. Mabonde ni machache, bakteria wa mnyauko hupenda maji yaliyotuama, na mvua ya Septemba ikiwahi inaweza kuyafurikisha kabla kiazi hakijanenepa. Zaidi ya yote, ardhi ya bondeni ina wenyewe: wenye vyeo, wenye mashamba makubwa, wanaoikodisha kwa msimu. Kodi inalipwa kabla ya jembe kugusa udongo, mwezi wa Juni au Julai, wakati mkulima wa mlimani ndiyo kwanza ameuza viazi vyake vikubwa kwa bei ya mavuno, bei ya chini kuliko zote za mwaka.